Nafasi ya Saba Kwenye Benchi

Nyumbani kwetu Handeni watoto hawakuhesabiwa. Ukimuuliza mama yangu ana watoto wangapi, atakujibu, "Wapo, tunamshukuru Mungu," na ukimbana sana atawataja mmoja mmoja kwa jina, akianzia kwa dada yangu, bila kusema jumla yao. Majirani zetu wafugaji wa kule kwenye tambarare kavu walikuwa hivyo hivyo, kwa watoto na kwa ng'ombe pia. Kuhesabu kilicho hai ni kukitafutia jicho baya. Lakini mahindi ya shambani mama aliyakadiria bila woga wowote. Alitembea mstari mmoja tu, akamenya hindi hapa na hindi kule, akatangaza tutavuna magunia mangapi, na kwa kawaida alikuwa hakosei sana.

Kwa hiyo kukadiria nilirithi. Kuhesabu watu nilijifunza kazini, na ndiko kulikoniponza.

Nilikuwa msaidizi wa maabara katika kliniki ya wajawazito, Korogwe mjini. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, sabuni imejaa madukani baada ya kuadimika kwa muda mrefu, mitumba kila kona ya soko, mashamba ya mkonge yanapunguza watu, na kila mwanamume mwenye nguvu ananunua hiki hapa akauze kule. Pamoja na biashara yalisafiri pia yale maradhi ambayo watu hawakutaka kuyataja. Walisema fulani "amekanyaga waya", wakabadilisha mazungumzo.

Wakubwa walitaka kujua ni wanawake wangapi wameshapata virusi, na ni wangapi watapata katika miaka inayokuja. Huwezi kumpima kila mwanamke wa wilaya nzima, wengine wangekufukuza kwa mchi. Lakini wajawazito wanakuja kliniki wenyewe, na damu yao inachukuliwa hata hivyo kwa ajili ya kaswende. Basi kile kinachobaki kwenye kichupa baada ya kipimo cha kaswende, badala ya kumwagwa, kilipewa namba mpya. Hakikuwa na jina wala kadi wala kijiji, ila kundi la umri tu. Kisha kilipimwa virusi. Mwenye damu haambiwi kitu, kwa sababu hakuna anayejua damu ile ni ya nani. Ni sawa na mpishi anayeonja punje mbili ili ajue kama wali wote umeiva.

Mtaalamu wa takwimu aliyekuja kutuelekeza alichora mstari kwenye karatasi ya miraba. Hadi mwaka ule mstari ulikuwa wa wino mzito, na kuanzia pale akaweka nukta, moja baada ya nyingine, kuelekea juu. "Hizi nukta ni makadirio," alisema. "Ni wanawake ambao leo ni wazima." Nilizitazama zile nukta nikaona ni kazi safi, iliyonyooka. Nilikuwa kijana, na nilipenda vitu vilivyonyooka.

Sista mkuu wa kliniki yetu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kuamrisha na mkono mwepesi kuliko wote kwenye sindano. Alilinda utaratibu ule kuliko alivyomlinda mumewe. Yeye peke yake ndiye aliyechukua damu na kupima kaswende katika chumba cha mbele, na majina yote yaliishia kwake. Mimi nilikaa chumba cha nyuma. Kati yetu palikuwa na kidirisha ukutani, na masalio ya damu yalinifikia kupitia kidirisha hicho yakiwa na namba tu, moja, mbili, tatu, kwa kufuata wanawake walivyoingia kutoka kwenye benchi.

"Hesabu hii haina macho," alikuwa akisema. "Siku ikiota macho, hakuna mama atakayekaa tena kwenye benchi hili."

Dada yangu alikuwa ameolewa hapo hapo mjini, Masuguru. Mumewe aliachishwa kazi kwenye mkonge akaingia kwenye machungwa. Aliyakusanya Handeni, akayapakia kwenye lori la watu, akayafuata hadi ng'ambo ya mpaka, na kurudi ni baada ya wiki mbili au tatu. Dada alikuwa na mimba ya tatu, mama anisamehe kwa kuhesabu. Huyu dada ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shamba. Alinifundisha kusuka nywele, akanifundisha kusoma kabla sijaingia shule, na siku niliyopata cheti cha kazi alilia hadi watu wakadhani tumefiwa.

Asubuhi aliyokuja kliniki kwa mara ya kwanza na mimba hiyo, nilipita barazani kuelekea chumba changu. Benchi lilikuwa limejaa. Alikuwa ameketi karibu na katikati, na aliponiona alinitolea ulimi, mtu mzima yule, na tumbo lake. Nikahesabu. Sikukusudia ubaya wowote, jicho lilihesabu lenyewe kutoka mlangoni: alikuwa wa saba.

Vichupa vilipoanza kupita kidirishani, cha saba nilikishika kwa muda mrefu kidogo kuliko vingine. Kikaratasi chake kilionyesha kundi la umri la dada. Nikakipanga pamoja na wenzake, nikaendelea na kazi.

Baada ya siku kadhaa nilisindikiza boksi la barafu lenye vichupa vya siku ile hadi maabara kubwa ya mkoa. Mtaalamu wa pale, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisoma majibu kwa sauti na mimi niliandika. Hakupenda maneno makubwa. Kila kichupa alikisema kwa namba, kisha "haina" au "ina". Tano, haina. Sita, haina. Saba.

"Saba, ina."

Sikuandika. Alisubiri kidogo, akanitazama juu ya miwani, akarudia, "Saba, ina, binti yangu." Nikaandika. Mkono wangu ulijua kazi yake hata kama mimi sikuwepo. Kuanzia hapo nilisikia namba zikipita bila kujua ni zipi, hadi ile ya mwisho kabisa, ambayo naikumbuka kwa sababu mzee alisema "haina", akajinyoosha mgongo, akaulizia chai.

Njia nzima ya kurudi Korogwe niliona zile nukta za mtaalamu wa takwimu zikipanda. Moja ilikuwa na ulimi nje.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na kwa ruhusa gani? Utaratibu haukuwa na mahali pa mtu anayejua. Na hata kama ningemwambia dada, ningempa nini baada ya hapo? Dawa za kupunguza makali tulizisikia kama habari za nchi za watu. Basi nikafanya nilichoweza. Nikaanza kumpelekea mayai. Nikampelekea maziwa kutoka kwa wafugaji walioshuka mjini siku ya mnada, na maini kila nilipoyapata. Nilimchotea maji kabla ya kwenda kazini na kumfulia jioni. Nilimkataza kubeba kuni. Akikohoa mara moja, mimi moyo unanipasuka. Wakati mwingine nilikuwa nikimtazama akicheka na jirani yake uani, mdomo wazi, kichwa nyuma, nikaingia jikoni nikalia juu ya sufuria zake.

Shemeji naye nilimnunia. Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Alirudi safari na kapu la machungwa kwa ajili yangu, mazuri, yale ya ganda jembamba. Nikayapokea kwa mkono mmoja, nikayaweka nyuma ya mlango, nikayaacha yaoze makusudi. Maskini ya Mungu akamuuliza dada, "Mdogo wako nimemkosea nini?" Dada akaanza kufikiri, na dada akianza kufikiri hakuna siri inayopona.

Mchana mmoja wa Jumamosi nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Nikaweka mayai yangu chini. Hakuyatazama.

"Mdogo wangu," alisema, "nani kakwambia nakufa?"

Nikasema hakuna. Nikasema mjamzito lazima ale. Nikasema anemia. Alinisikiliza akiendelea kutupa mawe pembeni.

"Mimba mbili zilizopita hukuniletea hata yai bichi," alisema. "Kaa chini. Mficha uchi hazai."

Nikakaa, na yote yakanitoka: kidirisha, namba, miwani ya mzee, "saba, ina". Nilisema nikiwa nimeshika pindo la kanga yake kama zamani, nilipokuwa sijui kutembea vizuri. Hasira yake ya kwanza haikuwa ile niliyoitarajia.

"Kwa hiyo mlinipima, na hamkuniambia."

"Hatukukupima wewe, dada. Tulipima damu tu. Hatujui ni ya nani."

"Wewe si umejua?"

Aliuweka ungo chini, akanitazama vizuri.

"Umesema ya ngapi?"

"Ya saba. Nilikuona. Nilihesabu kutoka mlangoni."

"Uliponiona nilikuwa hapo, kweli," alisema polepole. "Lakini sikubaki hapo. Ulipoingia tu kwako, alifika mama mmoja kutoka Mpale. Kashuka mlima kwa miguu tangu kabla ya jogoo, na hali yake hiyo, miguu imevimba hivi. Kaja kusimama mwisho kule, jua linampiga. Nikamwita. Nikampa nafasi yangu, mimi nikaenda kukaa mwisho kabisa."

Kila mtu wa kwetu angefanya hivyo. Mtu wa karibu humpisha aliyetoka mbali, na benchi zima lingemshangaa dada kama asingenyanyuka. Nimekulia ndani ya desturi hiyo, nimempisha mtu mara ngapi sijui, na siku nilipohesabu benchi sikuikumbuka hata kidogo. Nilidhani watu wakishakaa wamekaa.

"Alikuwa anaona haya," dada aliendelea, "anasema hapana, mwenzangu, hata wewe ni mzito. Nikamtania. Nikamwambia, mgeni njoo, mwenyeji ap..."

Hakuimaliza.

Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye namba ya mwisho, mzee akijinyoosha mgongo. Haina. Ya dada haina! Nasema wazi kwa sababu sina sababu ya kujipamba: nilifurahi. Nilimkumbatia tumbo na yote, nikacheka, nikapiga makofi, maharage yakamwagika. Kwa muda ule mfupi dunia nzima ilikuwa na mtu mmoja tu, na alikuwa mzima. Kisha nikamwona usoni. Alikuwa hacheki.

"Unacheka nini?" aliniuliza. "Yule naye ana mdogo wake."

Tukakaa pale uani tukilia, yeye na mimi, juu ya maharage. Baadaye aliyaokota mayai akayarudisha kwenye kikapu.

"Haya si yangu," alisema. "Siku yake ya kurudi kliniki ni lini?"

Jumatatu nilikwenda kwa sista mkuu nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, kama mtu anayesubiri fimbo. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha.

"Yule mama nilimkadiria umri mimi mwenyewe," alisema. "Hajui mwaka wake. Nilimtazama mikono nikamweka kundi la dada yako." Akafunga daftari lake. "Unaona ulichofanya? Sasa tupo watu watatu tunaojua, na mwenyewe hayumo."

Nikamwambia basi tumwite, tumwambie. Aliniuliza nitamwita kwa jina gani, na nitamweleza nimejuaje, na kesho akiwasimulia wenzake njiani kupanda mlima, nani atashuka tena kuja kujifungulia mikononi mwa watu. Mimba iliyotangulia ya yule mama iliharibikia njiani. Ndiyo maana safari hii aliagizwa aje mjini.

"Hatuwezi kumwita yeye," alisema mwishoni. "Tutaliita benchi zima."

Miezi hiyo hospitali ilikuwa imefungua chumba cha ushauri, mlango wa tatu kutoka kwetu, ambako mtu angeweza kupimwa kwa hiari yake, kwa jina lake, na kupewa majibu yake na mtu wa kumshika mkono. Chumba kilikuwa kitupu karibu kila siku. Kuingia pale ni kutangaza kwamba una wasiwasi, na mwanamke mwenye wasiwasi huulizwa na mama mkwe wasiwasi wa nini.

Siku ya kliniki ilipofika dada alikuja mapema kuliko wote, na kikapu cha mayai mapajani. Yule mama wa Mpale alichelewa. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha chumba changu nikitazama njia, na nilisali asije, kisha nikasali aje. Alifika jua limepanda. Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza. Sijui nilikuwa nimetarajia mtu wa namna gani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwanya, gauni la mitumba lililotolewa pindo ili litoshe tumbo, na kichwani mkungu mdogo wa ndizi. Hakutafuta pa kukaa. Alipitisha macho kwenye benchi akitafuta mtu.

"Ni wewe," alimwambia dada, akatua ule mkungu miguuni pake. "Mume wangu kaniambia usirudi mikono mitupu kwa aliyekupisha. Nimekuletea."

Nilitamani ardhi inimeze. Dada alizitazama zile ndizi kwa muda mrefu. Kisha akampa kikapu cha mayai. Mwenzake akashangaa, akacheka, akauliza mayai ya nini tena, na dada akasema ni ya kutembea mlima, akamsogezea nafasi ubavuni pake.

Sista mkuu alitoka akasimama mbele ya benchi, mikono nyuma. Alieleza habari za ule mlango wa tatu kwa maneno mepesi, bila kumtazama mtu. Alisema ugonjwa huu haumtafuti mwanamke mbaya, unaingia nyumba yoyote. Alisema anayejua hali yake anatibiwa mapema homa na vidonda vinavyoweza kutibika, anajipanga yeye na watoto wake, na siri yake inabaki mle chumbani. Alisema anayetaka aende, na asiyetaka hapungukiwi kitu hapa. Akarudi ndani.

Hakuna aliyenyanyuka. Wanawake walitazama vidole vyao vya miguu. Mmoja akaanza kukunja kanga yake upya. Yule mama wa Mpale aliliweka kapu la mayai vizuri mapajani, akawa anayahesabu mayai kwa kidole, moja moja, na nilimwona akiacha kabla ya kufika mwisho.

Dada akasimama.

Nilijua, na yeye alijua, kwamba hakuwa na haja ya kwenda. Alikuwa na majibu yake tayari, majibu ambayo hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kumpa. Na benchi zima lingemwona, na kabla ya adhuhuri Masuguru yote ingekuwa na habari kwamba mke wa muuza machungwa ameingia kule. Alimwinamia yule mama.

"Mwenzangu," alisema, na sauti ilitetemeka kweli, haikuwa maigizo. "Mimi nataka kupima. Mume wangu ni mtu wa safari. Lakini naogopa peke yangu. Nisindikize."

Yule mama alimtazama, akautazama ule mlango. Kitu fulani kilipita usoni pake, nikaona kwamba huenda naye alikuwa na hofu yake ya muda mrefu, ambayo wala haikuhitaji namba yangu. Akampa jirani kapu amshikie. Akasimama kwa kushika kiuno.

"Twende," alisema. "Siku ile ulinitanguliza wewe. Leo nitaanza mimi, wewe utazame tu, utaona hakuna kitu."

"Hapana," dada alisema. "Leo hakuna wa kutangulia. Tunaingia pamoja."

Wakashikana mikono, wazito wote wawili, wakaenda polepole kufuata ukuta. Nilibaki kwenye kizingiti, mkungu wa ndizi umebaki mbele ya benchi. Mlango wa tatu ukafunguliwa, ukafungwa. Barazani wanawake waliobaki wakasogea kila mmoja, hadi nafasi mbili zilizoachwa wazi zikajaa.